Nesi Asiyenukia Kitu

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Asifiwe na nyie mliokaa mbele, asifiwe na nyie wa nyuma mnaojipepea kwa karatasi za matangazo. Mimi ndiye Mama Happy, muuza udi na marashi wa Kariakoo, na wengi wenu mlinijua kwa pua kabla hamjanijua kwa sura. Nikiingia ibadani walio mlangoni hugeuka. Leo watu watatu wameniuliza pale nje, Mama Happy, mbona hunukii? Mmoja alidhani naumwa. Mwingine, sitamtaja, alidhani biashara imekufa. Nikawaambia wasubiri, nitajibu mbele ya wote, na ndiyo nimesimama hapa kujibu.

Nilikuja mjini kutoka Masasi nikiwa binti, nikafanya kazi kwa mama mmoja wa Kizanzibari aliyekuwa anachoma na kuuza udi. Yeye ndiye aliyenifundisha. Nikifumba macho nakwambia marashi haya yamechanganywa na maji, haya ni ya kweli, udi huu umekaa kwenye unyevu. Sasa nina meza yangu mwenyewe, kwenye baraza la duka la vitambaa la Mama Hansa, mama wa Kihindi ambaye familia yake ipo mtaa ule tangu enzi za babu yake, kule nyuma kuelekea Msimbazi. Wafanyabiashara wenzangu wananitania kwamba pua yangu ningeikatia bima.

Na mimi niliringa nayo. Niseme ukweli, kwa sababu nimekuja kutoa ushuhuda, sikuja kujipamba. Nilikuwa na kiburi cha usafi. Nilikuwa naona mtu anayenuka ni mtu aliyeshindwa maisha. Mume wangu, Baba Happy, yule pale amejiinamia, anakaanga samaki Feri. Kwangu haingii ndani mpaka aoge uani, tena kwa ndimu, na hata akioga nilikuwa namwambia lala upande ule. Miaka yote hiyo amevumilia bila neno. Baba Happy, leo nakuomba radhi mbele ya kanisa.

Basi, ndugu zangu, nikapata mimba ya pili. Ikaenda vizuri mpaka mwezi wa saba. Mnajua biashara ya Kariakoo, unasimama kutwa nzima, na choo kiko mbali, ukiiacha meza unarudi wateja wamehamia kwa jirani. Kwa hiyo tunabana mkojo. Wanawake wa sokoni sote tunabana mkojo, tumezoea. Siku moja asubuhi nikasikia maji yanashuka mapajani. Si mengi, kidogo kidogo, nikiinama kuchukua makaa ya kuchomea udi yanatoka, nikisimama yanatulia. Nikajiambia huyu mtoto amekalia kibofu. Nikakunja kipande cha khanga nikakivaa, nikaongeza marashi, nikaendelea kuuza.

Siku mbili nzima nilifanya hivyo. Siku ya pili mchana Mama Hansa akatoka dukani kuita mteja, akaona gauni langu limelowa kwa nyuma. Hakusema kwa sauti. Alinivuta ndani, nyuma ya majora ya vitambaa, akaniuliza maji yameanza lini. Nikamwambia mama, huu ni mkojo tu. Akachana kipande cha marekani nyeupe, mpya, akanipa, akasema nikavae, nitembee kidogo, kisha nikitoe tukiangalie. Nilipokitoa akasema neno moja lililoniokoa.

"Wewe si ndiye mwenye pua hapa mtaani? Nusa."

Nikanusa. Ndugu zangu, haukuwa mkojo. Ilikuwa harufu nyepesi, tamu kidogo, kama maji ya kwanza ya kuoshea mchele. Sijawahi kuiuza, sijawahi kuisikia popote, lakini nilijua palepale kwamba hii inatoka ndani kabisa, kwa mtoto. Mama Hansa akafunga duka. Mwanamke yule hafungi duka hata mvua ikifurika barabarani, lakini siku ile alifunga, akanipakia kwenye bajaji, akanifikisha hospitali kubwa na kukaa na mimi mpaka Baba Happy alipofika na harufu zake za Feri.

Daktari alikuwa kijana, akanieleza bila haraka. Mtoto anakaa kwenye mfuko wa maji. Mfuko ule, ambao sisi tunauita chupa, unatakiwa upasuke siku ya kujifungua. Wangu umepasuka mapema, mtoto bado mchanga, mapafu yake hayajakomaa. Wakimtoa leo atahangaika kupumua. Wakimwacha ndani, mlango umeshakuwa wazi, vidudu vinaweza kupanda vikamdhuru yeye na mimi pia. Kwa hiyo, akasema, tutamsubirisha humo ndani kadiri inavyowezekana, lakini kwa macho makali. Nikachomwa sindano za kukomaza mapafu ya mtoto, nikapewa dawa za kuzuia vidudu, nikalazwa. Nikamuuliza atapona? Akasema wengi wa umri huu wanapona wakiwahi na wakiangaliwa vizuri. Hakuniahidi. Nilitaka aniahidi, hakuniahidi.

Huko wodini ndiko nilikomkuta nesi wetu, Sista Mwanahawa.

Mwembamba, ushungi mweupe, viatu vya raba, mtu wa makamo. Alipoinama kunipima nikavuta hewa, maana ndiyo tabia yangu kumjua mtu kwa harufu yake. Hakuna. Hata losheni. Sabuni ya kufulia tu, tena kwa mbali. Nikasema moyoni, masikini, labda mshahara hautoshi. Nikapanga nikitoka nimletee kichupa cha bei nafuu, na yeye aanze kunukia kama watu. Ndivyo nilivyokuwa, ndugu zangu. Nimelala kitandani navuja, mtoto wangu yuko hatarini, na bado namhurumia aliye mzima.

Alinipa sharti moja. Pedi nisitupe. Nikibadilisha nimwite aione kwanza, mchana na usiku, awe yeye au mwenzake wa zamu. Nikadhani utani. Nimwoneshe mtu pedi yangu? Mimi? Lakini alisema bila aibu yoyote, kama anayeniagiza chumvi. Kila nilipobadilisha alikuja, akavaa glovu, akaiangalia rangi, kisha akainusa. Aliinusa kama mama anavyonusa maziwa yaliyolala kabla ya kumpa mtoto. Halafu anaandika kwenye faili, ananipima joto, anahesabu mapigo yangu kwa kuangalia saa, anaweka kile chombo tumboni tunasikia moyo wa mtoto unavyokwenda, anaandika tena. Ananawa mikono. Anaenda kitanda kinachofuata. Wodi ilikuwa imejaa, na yule mama hakuruka mtu hata mmoja. Nimeona watu wengi wakifanya kazi katika mji huu, wanaobeba mizigo mizito kuliko wao, wanaouza tangu alfajiri, lakini sijaona kazi inayofanywa kwa uaminifu vile pasipo mtu wa kupiga makofi.

Jirani yangu wa kitanda alikuwa dada mmoja wa Mbagala. Yeye chupa ilipasuka akakaa nyumbani karibu wiki, akiambiwa na watu kwamba ni kawaida. Alipofika alikuwa anatetemeka kwa homa. Sista Mwanahawa na wenzake walimpigania kutwa nzima. Yeye wakamwokoa. Mtoto wake hakupona. Niliwasikia nyuma ya pazia, dada yule akilia, na Sista akiwa amekaa naye. Ndugu zangu, msiniulize kwa nini mimi na si yeye. Aliomba kama mimi nilivyoomba. Sijui, na sitadanganya hapa kwamba najua.

Mngetegemea baada ya kuona vile nipate akili. Sikupata.

Siku ya pili ya kulazwa nilikuwa nimemwomba Baba Happy aniletee marashi yangu kutoka nyumbani, yale mazito ya mafuta, nijisikie mtu. Akaleta, masikini, hakujua. Nikayaweka chini ya mto bila kuyafungua, ilinitosha kujua yapo. Siku zikaenda, tatu, nne, tano. Wiki ikaisha. Kila siku Sista ananiambia mtoto amepata siku nyingine. Nikaanza kutamba. Kisha asubuhi ya siku ya nane nikaenda kubadilisha pedi, na kabla sijaishusha vizuri nikajua.

Pua yangu, ndugu zangu. Kabla ya nesi, kabla ya daktari, kabla ya kipimo chochote, mimi nilijua. Ile harufu ya maji ya mchele imeondoka. Imekuja nyingine, mbaya, ya kitu kinachoharibika. Na badala ya kupiga kelele, nikaona aibu! Nikafikiri Sista atainusa hii. Ataiandika. Wenzangu wodini watasikia, watasema yule muuza marashi anayejisikia kumbe ananuka. Nikaitupa ile pedi kwenye ndoo ya takataka, nikaifunika na karatasi. Nikajiosha kwa sabuni. Nikatoa marashi nikajipaka mapajani, nikapaka pedi mpya, nikapaka na shuka. Nikarudi kitandani nikaomba. Nikasema Bwana, nifiche aibu hii.

Sikilizeni ombi hilo, ndugu zangu. Mtoto wangu anaanza kuungua ndani, na mimi namwomba Mungu anisaidie nisijulikane. Nimeomba maombi mengi ya kijinga maishani lakini lile ndilo kubwa. Na kwa rehema zake, alikataa. Leo namshukuru kwa mengi aliyonijibu, lakini kwanza kabisa namshukuru kwa lile alilokataa.

Sista Mwanahawa aliingia zamu. Akapita mlangoni, akasimama. Vitanda vinne kabla ya changu, akasimama. Akageuza kichwa polepole kama mtu anayetafuta sauti inakotoka, kisha akaja moja kwa moja kwangu. Nikatabasamu, nikamwambia Sista, leo nimejipendezesha kidogo, mimi si muuza marashi bwana? Hakutabasamu. Akavuta kiti, akakaa, akanishika mkono, na nikajua alikuwa anahesabu mapigo.

"Siku saba hukujipaka kitu," akasema. "Kwa nini leo?"

Nikatafuta uongo. Mimi ninayeuza Kariakoo, ninayeweza kumshawishi mtu anunue udi huku ana mafua, nikakosa uongo. Akauliza pedi ya asubuhi iko wapi. Nikasema niliitupa. Akaendelea kunishika mkono, akanitazama bila hasira. Nadhani angekasirika ningejitetea. Lakini alinitazama tu, na mimi nikafumbua mdomo.

"Sista, nanuka," nikamwambia. "Tangu asubuhi. Nimeona haya."

Ndugu zangu, maneno mawili yale ya mwanzo ndiyo sala ya kweli niliyowahi kusali. Hakushtuka. Hakurudi nyuma. Akasema vizuri, umefanya vizuri kusema, na palepale akawa ameshainuka. Akaenda kwenye ile ndoo mwenyewe na glovu zake, akafunua karatasi, akaipata ile pedi. Akaiona, akainusa, akamwita daktari. Wakaweka chombo tumboni na moyo wa mwanangu ulikuwa unakimbia, haukuwa ule mwendo niliouzoea. Kipimajoto, ambacho alfajiri hakikusema kitu, sasa kilianza kupanda. Daktari akasema hatusubiri tena, humo ndani hapamfai. Ningekaa na marashi yangu mpaka jioni, sijui. Sitaki kujua.

Wakaniwekea dripu ya uchungu na dawa nyingine za vidudu kwenye mshipa. Zamu ya Sista Mwanahawa iliisha mchana, akabadilisha nguo, nikamwona anapita na mkoba wake. Baada ya muda nikamwona amerudi, amevaa tena sare. Hakuna aliyemwomba. Festo wangu alizaliwa kabla ya adhana ya magharibi. Kilo moja na nusu na kidogo. Hakulia. Walimpeleka mezani kumsaidia apumue, na nikahesabu pumzi zangu mwenyewe kwa sababu zake sikuzisikia. Kisha kikatoka kilio chembamba kama cha paka mdogo. Nililia tu.

Haikuishia hapo. Mimi niliungua homa siku tatu. Yeye alipelekwa chumba cha watoto njiti, akawekewa hewa puani, akapewa dawa kwa ajili ya vile vidudu. Lakini kila daktari aliyepita alisema jambo lilelile, kwamba mapafu yake yamesaidiwa na zile sindano na zile siku nane. Zile siku ambazo watu walinilinda saa kwa saa. Mimi nilidhani nimelala tu nangoja, kumbe kuna watu walikuwa wanamjenga mwanangu.

Alipopata nguvu wakanifundisha kumbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, amefungwa na khanga. Sista Mwanahawa akapita akanikumbusha, safari hii akicheka, kwamba nisijipake kitu chochote, mtoto anatakiwa amjue mama yake na si duka la mama yake. Na siku moja nikiwa hoi, wakamwambia baba anisaidie kumbeba. Baba Happy akaenda akajisugua kwa sabuni mpaka ngozi ikapauka. Akakaa kwenye kiti, akafungua shati, wakamweka mtoto. Nilimsogelea, na bado alinukia dagaa kwa mbali. Na mtoto yule, aliyekuwa anahangaika asubuhi nzima, akatulia, akalala kifuani kwa baba yake. Nikajiuliza miaka yote ile nilikuwa namfukuza nini kitandani.

Festo sasa ana miezi mitano. Yule pale kwa dada yake, msimpitishe mkono kwa mkono tafadhali, bado mdogo. Wiki iliyopita nilimpeleka kliniki, nikapitia wodini kumtafuta Sista Mwanahawa. Nilikuwa nimechukua marashi bora kuliko yote mezani kwangu, yale ambayo hata mimi sijipaki, nimeyafunga vizuri kwenye kitambaa kizuri alichonipa Mama Hansa. Nikampa kwa mikono miwili. Akayashika, akayageuza, akashukuru sana. Kisha akanirudishia.

"Mama Happy, mimi nikijipaka haya, nitasikiaje harufu ya mgonjwa?" akaniambia. "Tangu nianze kazi wodi hii sijajipaka kitu. Niletee huyo mtoto nimnuse."

Nikampa Festo. Akaweka pua yake kwenye utosi wa mwanangu, akafumba macho, akavuta hewa taratibu. Akasema ananukia maziwa. Akanirudishia mtoto, akaenda kunawa mikono, kwa sababu kitanda cha kwanza kulikuwa na mtu anaita.

Nilisimama pale kwenye korido na marashi yangu mkononi. Yule mwanamke niliyemwonea huruma kwamba hanukii, kumbe miaka yote amejinyima harufu yake mwenyewe ili asikie ya watu wengine. Ya vidonda, ya homa, ya aibu zetu. Yeye si wa kanisa letu, anaswali kwake, na Mama Hansa ana ibada yake, lakini ndugu zangu, Mungu aliponitumia mkono hakuniuliza naupendelea upi. Na mimi ninamshukuru kwa mikono yote miwili.

Basi ndiyo jibu langu kwenu wa mlangoni. Biashara ipo, siumwi. Leo nimekuja mbele za Bwana jinsi nilivyo, nimeoga tu. Kesho nitauza marashi kama kawaida, maana watoto wanakula, na marashi hayana kosa. Kosa ni kile nilichoyatumia kufunika.

Dada zangu wenye mimba, mabinti mnaocheka pale nyuma, nyie wa sokoni mnaobana mkojo pamoja na mimi. Ukiona maji yanashuka kabla ya siku zake, usijiambie ni kibofu. Usisubiri kesho. Nenda leo hospitali, waoneshe, waambie kila kitu hata kinachonuka. Na kama unaogopa kwenda peke yako, njoo barazani kwa Mama Hansa, nitafunga meza twende wote. Na wewe kaka, dada, uliyekaa hapa na jambo lako umelifunika kwa wimbo mzuri na nguo safi, wewe uliyelijua tangu asubuhi kabla ya mtu yeyote, njoo mbele wakati wa maombi. Njoo ulivyo. Sema lile neno gumu nililolisema mimi kwa Sista. Utaona aibu dakika moja, utaishi siku zote. Usiogope kumkaribia Mungu wetu, ndugu yangu. Huyu hazibi pua, hageuzi uso, hajawahi kurudi nyuma hatua moja mbele ya mtu aliyemwambia, Bwana, nanuka.